Corolla 110 imeingia chini ya Fuso, naweza kuitengeneza mwenyewe nyumbani?

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu, naishi Pongwe hapa Tanga. Nina Corolla 110 ya mwaka 1998, nyeupe, injini 5A, otomatiki. Mwezi uliopita natoka Korogwe usiku, Fuso ikasimama ghafla mbele yangu nikaingia nyuma yake. Hakuna aliyeumia alhamdulillah. Boneti imekunjika katikati na haifunguki, taa zote mbili zimekwenda, bampa, grili, rejeta imepasuka. Eabegi hazikutoka. Milango inafunguka vizuri. Nilijaribu kuiendesha ikachemka ikazima, ikavutwa mpaka nyumbani. Bima yangu ni ndogo. Fundi mmoja anasema ninunue nozikati (pua nzima iliyokatwa kwenye gari nyingine) Dar akate mbele yote achomelee nyingine, mwingine anasema niuze skrepa. Mimi nina ua mkubwa wenye sakafu ya saruji, na mdogo wangu amesomea umakanika VETA, nataka tuitengeneze wenyewe wikiendi na likizo. Tuanzie wapi? Na nikimaliza nataka kuipaka nyeusi.

Jibu: Marahaba mwalimu, na pole sana, shukuru mmetoka wazima maana nyuma ya Fuso usiku sio mahali pa mchezo.

Nikujibu moja kwa moja. Inawezekana, Corolla 110 ni gari ambayo mtu mwenye utulivu anaweza kuirudisha uani kwake, ila sio kila kitu, kuna kazi mbili tatu nitakwambia uzipeleke kwa mwenye vifaa na usibishane na mimi. Lakini kabla hujatuma hata shilingi moja kwa wauza spea wa Gerezani, Dar, kuna kitu naona mafundi wako wote wawili hawajakifanya, nacho ni KUPIMA. Wa nozikati hajapima, wa skrepa hajapima, wote wameangalia boneti wakatoa hukumu. Boneti ni kifuniko tu, inakunjika kirahisi kwa sababu imetengenezwa ikunjike, haikwambii chochote kuhusu gari.

Hiyo gari haina chesisi ya kujitegemea kama Land Cruiser au hiyo Fuso uliyoigonga. Bodi yenyewe ndo chesisi. Kuna mihimili miwili ya bati iliyokunjwa kama boksi, mmoja kulia mmoja kushoto, inatoka kwenye ule ukuta unaotenganisha injini na dashibodi inakuja mpaka nyuma ya bampa. Juu yake kuna zile nyumba za shokapu, chini kuna krosimemba, yani chuma kinachokingama kutoka mhimili mmoja kwenda mwingine, na injini, giaboksi, stelingi na miguu ya mbele vyote vimening'inia hapo. Mihimili ikiwa imenyooka wewe una kazi ya bodi tu. Ikiwa imekwenda upande, hata ufunge boneti mpya kutoka Japani gari itakula matairi na itavuta upande kila ukiachia stelingi, na siku ukigonga tena haitakunjika pale ilipopangwa ikunjike.

Sasa ajali yako ninavyoisoma kwa maelezo tu, inanipa matumaini kidogo. Mkia wa Fuso uko juu. Gari ndogo ikiingia nyuma yake bampa inapita chini na kitanda cha Fuso kinakuja kupiga boneti, taa na ile fremu ya juu inayoshika rejeta, mafundi tunaiita rejeta sapoti. Yani nguvu nyingi imepita juu ya mihimili, na inawezekana kabisa mihimili haijaguswa sana. Hiyo pia inaweza kuwa sababu ya eabegi kutotoka, zile sensa zinasubiri gari isimame kwa kishindo cha ghafla, sasa bati laini la juu likikunjika taratibu kishindo kinakuwa kidogo kuliko unavyofikiria ukiangalia uharibifu. Kwa hiyo usikimbilie kusema eabegi ni mbovu. Washa swichi bila kuwasha injini uone taa ya SRS, yani ya eabegi, kwenye dashibodi, inatakiwa iwake sekunde chache halafu izime. Ikibaki inawaka kuna hitilafu. Ikiwa haiwaki kabisa shtuka zaidi, kuna watu wanachomoa balbu ili gari iuzike.

Ubaya wa kuingia chini ya lori ni kwamba nguvu inasukuma kuelekea kioo cha mbele. Kwa hiyo angalia bawaba za boneti na bati la chini ya waipa, tazama kama kioo kimeanza kupasuka pembeni. Halafu funga mlango wa mbele taratibu uangalie uwazi kati ya mlango na nguzo ya kioo kuanzia juu mpaka chini. Umesema milango inafunguka vizuri, hiyo ni habari njema kuliko zote ulizoandika.

Haya, tuje kwenye kupima. Huhitaji mashine, unahitaji vitu vya fundi mwashi: futi kamba ya chuma (ya kitambaa inavutika), timazi, pimamaji, chaki na uzi. Sukuma gari kwenye hiyo sakafu, upepo wa matairi uwe sawa, stelingi iwe imenyooka.

Anza na rahisi. Pima kutoka katikati ya gurudumu la mbele mpaka katikati ya gurudumu la nyuma, kulia, halafu kushoto. Corolla 110 ni milimita 2465. Zikitoka sawa pande zote au tofauti ya milimita mbili tatu, endelea kutabasamu. Ikitoka upande mmoja 2465 na mwingine 2445 basi mguu wa upande huo umerudi nyuma, inaweza kuwa wishiboni (ule mkono wa chini unaoshika gurudumu) imepinda, inaweza kuwa krosimemba, inaweza kuwa mhimili wenyewe, bado hujui ila umeshajua upande wa kutafuta.

Kipimo cha pili ni cha msalaba, na hapa boneti lazima ifunguke. Kwa vile loki imebanwa, toa mabaki ya grili, ingiza bisibisi ndefu kupitia pale sukuma ulimi wa loki, ikigoma fungua bolti za loki kwa chini au kata sapoti ya juu ambayo utaibadilisha hata hivyo. Usipige boneti na nyundo. Ikishafunguka, juu ya kila shokapu kuna nati tatu. Chukua nati ya nyuma ya shokapu la kushoto, pima mpaka tundu la bolti lililo mwisho wa mhimili wa kulia. Halafu nati ileile upande wa kulia mpaka tundu lilelile upande wa kushoto. Andika namba zote, usiamini kichwa. Mistari miwili ya msalaba ikitoka sawa, mbele ya gari imekaa pembe. Mmoja ukiwa mrefu, mbele imelala upande.

Kipimo cha tatu ndo kizuri zaidi na wengi hawakijui. Ingia chini ya gari uangalie mihimili, ina matundu ya kiwandani, yako kulia na yako kushoto yanafanana. Chagua jozi tatu, moja karibu na bampa, moja usawa wa gurudumu, moja nyuma chini ya miguu ya dereva. Shusha timazi kutoka katikati ya kila tundu, subiri itulie, weka alama ya chaki sakafuni. Ukimaliza sukuma gari pembeni. Utabaki na nukta sita chini, hiyo ndo ramani ya gari yako. Vuta uzi, pima misalaba ya nukta hizo, nyuma kwa katikati, katikati kwa mbele. Halafu tafuta nusu ya umbali kati ya kila jozi, weka alama, hizo alama tatu za katikati zinatakiwa ziwe kwenye mstari mmoja ulionyooka. Jozi ya mbele ikitoka nje ya mstari basi pua yote imekwenda kushoto au kulia, hata kama kwa macho huoni kitu. Kupanda na kushuka utapima kwa pimamaji, weka ubao ulionyooka juu ya mihimili miwili, lakini kwanza hakikisha sakafu yako yenyewe haina mteremko wa maji.

Tofauti mpaka milimita 3 hiyo ni kawaida, hata karakana kubwa zinaikubali. Ikifika 5 au 6 kwenye ncha tu za mbele, pana kuvuta kidogo. Ikipita 10, au jozi ya katikati, ya usawa wa gurudumu, ndo imehama, hiyo sio kazi ya uani tena.

Ukimaliza namba tumia macho. Osha mihimili na mafuta ya taa, chukua tochi imulike kwa ubavu, sio kwa kuielekeza moja kwa moja. Rangi iliyopasuka kama nyuzinyuzi, ile sili ya kwenye maungio iliyoachia, bati lililotengeneza mkunjo mkali, hivyo ndo vinakuonyesha nguvu ilipofika. Na angalia lile chuma lililo ndani ya bampa ya plastiki. Likiwa limenyooka maana yake mihimili haikupata kazi kubwa. Likiwa limepinda, labda Fuso ilikuwa na bomba la kuzuia nyuma, basi rudia vipimo vyako mara ya pili.

Sasa hapo ndo unaamua, na mimi ningeamua hivi. Mihimili imenyooka, anza kazi. Ncha za mhimili zimepinda bila mkunjo mkali, peleka ikavutwe halafu rudisha nyumbani. Bati la mhimili limekunjana limefanya kona kali, hilo halinyooshwi, linabadilishwa, maana bati likishakunjana hivyo limekufa pale, ukilinyoosha linabaki na ufa ambao huuoni. Na kama mkunjo umefika kwenye ukuta wa injini au nguzo ya mlango, msikilize fundi wa skrepa, uza injini na giaboksi na milango kimoja kimoja utapata zaidi kuliko kuiuza nzima.

Kuhusu kuvuta. Najua kitakachokujia kichwani, una ua, una mnazi, na jirani ana cheni bloku. Usifanye. Nimeona gari zikifungwa kwenye mnazi Mikanjuni na kwingine, gari inavutika kweli lakini inavutika pale ilipo dhaifu sio pale ilipopinda, na cheni ikikatika inarudi na nguvu ya kukata mguu wa mtu. Na wale wanaotumia kamba ya mkonge eti kwa sababu tuko Tanga, kamba inajivuta kwanza halafu ndo inakatika, mbaya zaidi. Tafuta karakana yenye meza ya kuvutia bodi, au hata yenye fremu ya chuma iliyofungwa chini na jeki ya mafuta, gari ikamatwe pande nne, wavute kinyume cha njia ngumi ilivyoingia, wavute kidogo waachie wapime, wavute tena. Nenda na namba zako kwenye karatasi. Fundi akikuona una vipimo atakufanyia kazi nyingine kabisa. Na akitaka kuchoma mhimili mpaka uwe mwekundu ndo aunyooshe, mkatalie, moto mkali unaua ugumu wa bati.

Nozikati je? Kukata mihimili ya gari yako na kuunga ya gari nyingine nakataa, hasa kama mihimili yako ni mizima. Unaua kitu kizima kwa sababu ya boneti na taa. Lakini KUNUNUA nozikati ili utoe vitu, hapo nakubaliana na fundi wako, mara nyingi inatoka rahisi kuliko kuchukua boneti huku, taa kule, rejeta kwingine, maana inakuja na kila kitu mpaka vile vibano na bolti ndogo ambazo dukani hazipo. Utafungua vya bolti, na rejeta sapoti utaitoa kwa kutoboa na drili zile spoti za kiwandani, yani nukta zilizochomelewa kuunga mabati, mihimili yake unauza chuma chakavu.

Ukinunua kuwa makini na mambo haya. Corolla 110 ilibadilishwa sura mwaka 1997, kwa hiyo pua ya 1995 au 1996 taa zake, grili na bampa haziendani na yako ya 1998. Sprinter ni ndugu yake, chini ni mulemule lakini uso ni mwingine, muuzaji atakwambia "ni kitu kimoja tu bosi", sio kitu kimoja. Na kama spea imetoka Dubai uliza ilitoka kwenye gari ya usukani upi, kule wanaendesha kulia kwa barabara, taa za usukani wa kushoto zinapiga mwanga wa chini kuelekea upande wa gari inayokuja kwako. Ukifunga hizo kila utakayepishana naye usiku njia ya Segera atakutukana, na atakuwa na haki. Halafu namba ya chesisi ya gari yako imepigwa kwenye ule ukuta wa injini. Usikate pale, usisugue na grainda, usikubali kuletewa ukuta wa gari nyingine, siku ya ukaguzi utaeleza mpaka uchoke.

Bima ndogo unajua mwenyewe, inamlipa uliyemgonga, wewe hapo huna chako. Tuendelee.

Kufungua ni kazi yenu kabisa wewe na mdogo wako. Toa waya wa hasi wa betri, subiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa chochote, maana eabegi inabaki na umeme wake kidogo hata betri ikitolewa, na waya wowote wenye soketi ya njano usiupime na taa ya majaribio. Gari ikiinuliwa iweke kwenye stendi za chuma au magogo mapana, tofali usiweke hata siku moja, tofali la saruji halipindi kukuonya, linavunjika tu na gari inashuka. Piga picha na simu kabla ya kuchomoa kila kitu, bolti za kila sehemu ziweke kwenye chupa yake ya maji iliyokatwa uandike juu kwa maka, ya fenda kushoto, ya loki, ya bampa. Nyingi ni spana namba 10 na 12. Kutu ya huku pwani itakusumbua, kwa hiyo pulizia dawa ya kulegeza kutu usiku uliotangulia na usivunje bolti kwa hasira.

Bomba za ac ukizifungua ziba midomo yake palepale kwa nailoni na tepu, unyevu ukiingia unaharibu, na ile chupa ya kukaushia gesi nunua mpya. Kujaza gesi ni ya fundi ac, hiyo gari inatumia R134a.

Sasa kuna jambo ambalo mimi linanitia wasiwasi kuliko bodi, nalo ni hilo la kuchemka. Hukusema uliendesha umbali gani. Injini 5A ni ngumu lakini silinda hedi yake ni ya aluminiamu, ikichemka bila maji inapinda na gasketi inaungua. Kwa hiyo usimalize bodi yote ndo ukagundua injini imekufa, kagua mapema. Vuta stiki ya oili, ikiwa na rangi ya chai ya maziwa maji yameshaingia. Toa plagi zote, moja ikiwa imeloa maji au imeoshwa safi kuliko wenzake hiyo ndo silinda yenye tatizo. Azima geji ya kompresheni upime silinda nne, zikikaribiana vizuri furahi. Baadae ukishafunga rejeta washa injini ikiwa baridi mfuniko uko wazi, mapovu yasiyoisha maana yake gasketi.

Na kwa kuwa ni otomatiki kuna kitu wengi wanakisahau. Oili ya giaboksi inapita ndani ya rejeta kwa chini, ina kijichumba chake cha kupoozea mle. Rejeta ikipasuka vibaya, maji na oili ya giaboksi vinaweza kukutana. Vuta stiki ya giaboksi, ikiwa na rangi ya maziwa ya stroberi usiwashe injini hata kidogo, maana maji yanalainisha gundi ya klachi za ndani na hapo umepoteza giaboksi nzima. Imwage, isafishwe, ijazwe oili ya giaboksi ya otomatiki aina ya Dexron. Ikiwa nyekundu au kahawia ya kawaida, jaza kilichopungua tu, na kipimo chake kinachukuliwa injini ikiwa ya moto, inaunguruma, gia ikiwa P.

Kabla ya kuwasha zungusha injini kwa mkono na spana kwenye puli, uhakikishe hakuna kinachogusa. Angalia upande wa kulia kifuniko cha taimingi belti hakijabonyea kikagusa mkanda. Angalia maunting za injini, mgongano wa mbele unairusha injini na mpira unachanika bila kuonekana, kwa hiyo injini ikishawaka mmoja ashike breki aweke D halafu R, mwingine akae pembeni, sio mbele, aangalie injini inaruka kiasi gani.

Kwenye kufunga rejeta sapoti ndo watu wanaharibu. Wanachomelea kwanza, halafu wanalazimisha boneti na taa vikubali. Wewe fanya kinyume. Iweke sapoti kwa vaisigripu na skrubu za bati, funga fenda zote mbili bolti zikiwa hazijakazwa, weka boneti, weka taa, weka loki. Kata kipande cha plaiwudi ya milimita 4 kitumie kupimia uwazi, kipite sawasawa kati ya fenda na mlango, kati ya boneti na fenda, kushoto na kulia. Sogeza, gonga kidogo, rudia msalaba wa sapoti yenyewe. Itawachukua siku nzima na mtagombana, ndo kazi ilivyo. Kila kitu kikikaa ndo unaweka alama, unavua, unamwita mtu wa kuchomelea.

Na huyo mtu awe na mashine ya waya na gesi, ile ya mig, sio ya fimbo. Fimbo inachoma bati jembamba inatoboa, na moto wake unakwenda mbali. Toboa matundu ya milimita 8 kwenye bati la juu palepale palipokuwa na spoti za kiwandani, idadi ileile, achomelee kwa kujaza tundu. Betri nje, chomoa soketi ya kompyuta ya gari na ya altaneta, na nyaya ya athi ibanwe karibu kabisa na anapochoma, sio kwenye gurudumu la nyuma.

Baada ya hapo kutu. Hili nalisema kwa sababu ya bahari yetu, gari inayolala Raskazone au Sahare ukiacha bati wazi jioni asubuhi limeshakuwa na vumbi jekundu. Pongwe uko ndani kidogo lakini unyevu ni uleule. Sugua, osha na maji baridi yasiyo ya chumvi na sabuni, kausha, paka praima ya zinki siku hiyohiyo, maungio weka sili, na ndani ya mihimili na sapoti pulizia nta au hata oili nzito kupitia matundu. Hiyo hakuna mnunuzi atakayeiona lakini ndo inafanya gari ikae.

Kunyoosha fenda kwa nyundo na kipande cha chuma cha kuegemeza nyuma mdogo wako ataweza, akigonga taratibu kuanzia pembeni mwa bonde kuja katikati. Puti ni ya kumalizia, isizidi milimita 3. Msasa anza na 80 kwenye puti, 180, 320, halafu praima, halafu 600 ya maji. Tumia ubao wa kushikia msasa, kiganja kinafuata mabonde.

Kupuliza rangi sasa, hiyo ni kazi nyingine ninayokwambia usifanye nyumbani. Ile klia ya kuchanganya na hadena ina kemikali inaitwa aisosaineti, inashambulia mapafu, mtu anaweza kupata pumu ya maisha, na barakoa ya kitambaa au ile ya vumbi haizuii. Mafundi wengi wa zamani wanakohoa mpaka leo wakidhani ni vumbi. Ua wako una watoto na jiko. Andaa kila kitu wewe, msasa, praima, kuziba na magazeti, halafu ipeleke kwa mpulizaji mwenye chumba na barakoa ya kuletewa hewa. Msimkimbize wakati wa masika, hewa ikiwa na maji mengi rangi inaota ukungu mweupe, muda mzuri ni asubuhi umande ukishakauka kabla upepo haujaanza kuleta vumbi, na atumie tina inayokauka taratibu.

Ikirudi bado hujamaliza. Boneti ina ulimi mkubwa wa loki na ndoano ya pili ya usalama. Ijaribu hiyo ndoano peke yake, funga nusu uvute kwa nguvu, maana boneti ya mtumba ikifunguka kwa kasi barabara ya Segera inakuja kwenye kioo na huoni kitu. Mikanda ya viti ya mbele ilibeba uzito wako siku ile, ivute yote nje, ukiona imekwaruzika, imenyauka au hairudi vizuri badilisha. Peleka alaimenti, na omba karatasi ya vipimo, sio maneno. Kasta, yani mlalo wa mguu wa mbele kwenda mbele au nyuma, ya kulia na kushoto zikitofautiana sana kuna mguu bado umepinda, na hiyo haitibiwi kwa kurekebisha tairodi, zile fimbo za stelingi. Safari za kwanza ishia Muheza urudi, jioni kagua maji, oili ya giaboksi na bolti ulizofungua.

Mwisho hiyo rangi nyeusi. Mimi sikushauri. Kwanza rangi imeandikwa kwenye kadi ya gari, ukiibadilisha inabidi uende TRA kadi ibadilishwe, ukiacha kila trafiki atakuwa na swali. Pili, kubadilisha rangi ni gari nzima, ndani ya milango, chini ya boneti, kwenye buti, wewe umeharibu mbele tu. Tatu, nyeusi inaonyesha kila wimbi la nyundo, na hii ni kazi yenu ya kwanza, nyeupe itawasamehe mengi. Angalia kile kibati kwenye ukuta wa injini palipoandikwa COLOR au C/TR, Corolla nyingi nyeupe za miaka hiyo ni 040, usibahatishe soma chako. Mpe muuza rangi namba hiyo, na gari ya 1998 imepauka kwa jua kwa hiyo namba peke yake haitoshi, apulizie kwanza kwenye kipande cha bati, kikauke, ukilinganishe na mlango wa mbele, nje, mchana, sio ndani ya duka lake chini ya taa.